Waliokula Siku ya Mtaro

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hainitoki akilini. Ilikuwa miaka ile mtandao ulipokuwa bado mgeni huku kwetu. Ukitaka kusoma jambo ulishuka hadi Embu mjini, ukaingia saiba, ukakaa mbele ya kompyuta iliyochukua muda wake kuamka kama mzee aliyelala mchana. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja huko juu, upande wa Kibugu, na nilikuwa bado kijana. Serikali yetu humwita mtu kijana mpaka afikishe miaka thelathini na mitano, nami nilikuwa nimeung'ang'ania mwaka huo wa mwisho kwa mikono miwili. Usicheke, nawe utafika.

Tulikuwa watu wachache tuliojitolea kuandika na kukagua makala za ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandikia na yeyote mwingine anaweza kumsahihisha. Hakuna aliyetulipa. Mke wangu alikuwa akiniuliza ni kazi gani hii ya kuacha majani chai shambani na kwenda kusahihisha watu wasionijua. Niliipenda tu, kama wewe unavyoipenda sasa, maana nakuona jinsi unavyoinamia hiyo simu yako hata uji ukapoa.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamke aitwaye Kendi, karani wa ofisi moja pale mjini. Kwao ni Kangeta, kule Meru, na amelelewa na watu wa miraa, watu wanaojua kwamba kibunda kikipendeza kwa nje ndipo unapopaswa kukifungua uone kilichofichwa katikati. Ndivyo alivyosoma makala. Hakuwa mkali, ila alikuwa na swali moja ambalo alilirudia mpaka likatuudhi: "Nani aliona?" Ukimwambia kanisa fulani lilijengwa na fulani, anauliza nani aliona. Ukisema kila mtu anajua, anatabasamu na kukungoja.

Basi Jumamosi hiyo alinisukumia kiti karibu na kompyuta yake, akanionyesha makala fupi kuhusu kijiji chetu. Nilifurahi kwanza kwamba kijiji chetu kina makala. Kisha nikaona sentensi iliyonifanya nikae wima. Ilisema kwamba mtaro wa kwanza wa maji kijijini, ule unaotoka kwenye mto ukingoni mwa msitu wa mlima, ulichimbwa na Mzee Njeru kwa mikono yake, na kwamba maji yale ni ya ukoo wake.

Mzee Njeru alikuwa babu yangu, mwanangu. Nami pia ni Njeru, kwa kuwa mtoto wa kwanza wa kiume huku kwetu hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo nilipoliona jina la babu kwenye kioo kile, niliona jina langu. Moyo wangu ulijaa. Nilitamani wanafunzi wangu wote wangekuwa nyuma yangu wakisoma.

"Mwalimu, hii imeletwa kwetu tuikague," Kendi akasema. "Kuna mtu amelalamika kwamba si kweli. Wewe ni mtu wa huko. Unasema aje?"

"Ni kweli. Hata wimbo wa shule unautaja mtaro wa Njeru."

"Nani aliona?"

Nikamwonyesha kwamba chini ya sentensi kulikuwa na chanzo, habari kutoka gazeti dogo la eneo letu. Kendi akaifungua. Akaniambia nisome mstari kwa mstari, na niliposoma nikaona maneno ni yale yale, hata mpangilio wake ni ule ule. Mwandishi wa gazeti alikuwa ameichukua sentensi kutoka kwenye makala yetu. Kisha mtu akarudi kwenye makala na kuliweka gazeti kuwa ushahidi. Mtu huyo ndiye aliyeiandika sentensi mwanzoni, na hakujificha, maana alitumia jina lake kamili. Alikuwa binamu yangu Mugendi, mtoto wa ndugu mkubwa wa baba yangu, katibu wa kamati ya maji.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilikuwa limekuja, likavaa na koti. Mugendi aliuambia mtandao, mtandao ukaliambia gazeti, na gazeti likarudi kumtolea Mugendi ushahidi.

Hapo ningeweza kusema ni jambo dogo, mzee amesifiwa, amelala zake, kuna ubaya gani? Lakini nilijua kuna ubaya, na ndiyo maana kiti kilianza kunichoma. Wakati huo kijiji kilikuwa kinaletewa mabomba. Kamati ilikuwa karibu kuamua bomba lipite wapi. Mugendi na wenzake wa upande wa juu walitaka maji yaanze kwetu, yazunguke kwa jamaa zetu, na watu wa upande wa chini wasubiri awamu nyingine, ile awamu ambayo sote tunaijua jinsi inavyokuja. Sababu waliyotoa ni kwamba mtaro ulikuwa wa Njeru, na wale wa chini ni watu waliokuja. Upande wa chini kulikuwa na mama mmoja mjane, Mama Ruguru, aliyekuwa akipanda kile kilima kila asubuhi na mtungi mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso. Nilikuwa nikipishana naye nikienda shuleni. Ndiye aliyemwomba binti yake alalamike kwenye mtandao.

"Mwalimu, hii makala wewe usiiguse," Kendi aliniambia. "Sikushuku. Lakini ni babu yako. Hatuwezi kupea fisi bucha alinde, hata kama ni fisi wa kanisa."

Nilicheka, lakini iliniuma kidogo. Nikamwambia kama anataka aliyeona, yuko mmoja tu aliye hai, naye ni nyanya yangu. Kendi akasema basi twende tumsalimu.

Nyanya yangu, Cucu Ciarunji, alikuwa mzee sana, lakini ulimi wake haukuzeeka. Tulimkuta ameketi juani nje ya jikoni akichagua maharagwe kwenye ungo. Kwa kuwa nilibeba jina la mumewe, maisha yangu yote aliniita mume wangu, na hakuna aliyeshangaa, maana ndivyo nyanya wa huku wanavyotaniana na wajukuu wao.

"Mume wangu," akasema akimtazama Kendi toka kichwani hadi viatuni, "umeniletea mke mwenza na hukunitumia hata salamu? Na huyu mke wako mwingine wa kule nyumbani anajua?"

Kendi aliangua kicheko, akainama kumsalimu kwa mikono miwili. Akakaribishwa kiti na akapewa ungo wa pili achague maharagwe, maana kwa Cucu hakuna mgeni wa kukaa mikono mitupu. Tulizungumza habari za mvua na za bei ya majani. Mwenda pole hajikwai. Mwishowe nikauliza lililonileta, nikauliza vibaya, kama mtu anayetaka kusikia jibu alilokwisha kulipenda. Nikasema, "Cucu, si ni babu aliyeuchimba mtaro?"

Aliendelea kuchagua maharagwe. Nikadhani hakusikia.

"Umesoma mpaka yunivasiti," akasema, "na unakuja kuniuliza swali la mtoto. Nani alichimba! Kila mwanamume aliyefika umri wa kuota moto atakuambia alichimba yeye. Mimi sikuwa na macho ya kukaa mtaroni nikihesabu majembe. Mimi nilikuwa kwenye chungu. Niulize nani alikula."

Hapo, mwanangu, lazima nikueleze, maana ninyi mmezaliwa wakati wa vibarua. Zamani kazi kubwa ilifanywa na majirani pamoja. Leo tuko kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye siku yake hutoa chakula, na watu husema, "Leo tunalima kwa Njeru," au kwa Ireri, au kwa yeyote aliyeandaa. Kazi hubeba jina la mwenye chungu. Na chungu cha kazi kilikuwa na heshima yake. Alikula aliyefanya kazi. Mwenye boma mwenyewe alingoja, na kama hakushika jembe siku hiyo, alikula kingine nyumbani kwake. Mwanamke aliyepakua alijua kila mkono ulionyooshwa mbele yake.

"Babu alikula?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Angekula nini?" Cucu akacheka mpaka akashika ungo usimwagike. "Babu yako alikuwa ameketi pale kwenye gogo, mguu umefungwa na majani. Shoka lilimkata akiangusha mti, msimu mzima hakutembea. Kazi yake ilikuwa kelele. Chimbeni kulia! Chimbeni kushoto! Na hakuna aliyemsikiliza, maana walikuwa wanajua maji yanapenda kupita wapi."

"Sasa walikuwa nani, Cucu?" Kendi akauliza.

Akatuambia. Walikuwa watu waliopanda kutoka ukavuni, kule chini kuelekea Mbeere, mwaka ambao mvua iliwakataa. Walikuja wakitafuta chakula. Huku juu kulikuwa na ndizi na viazi lakini mikono ilikuwa michache, na mto ulikuwa mbali na mashamba. Babu akasema, yeye ana ndizi lakini hana mguu, wao wana miguu lakini hawana ndizi, basi wasaidiane. Wakachimba, wao na majirani wachache wa huku. Cucu akapika, wakala. Mvua iliporudi wengine walikwenda makwao na wengine wakaomba mahali pa kujenga, wakapewa upande wa chini. Hao ndio tuliokuwa tukiwaita watu waliokuja.

"Alitoa chakula, hilo sikatai," Cucu akasema. "Alikuwa mtu mzuri. Mimi nilimpenda. Lakini ninyi wajukuu mlisikia mtaro wa Njeru, mkamtwika jembe mtu aliyekuwa hawezi hata kusimama."

Niliumia, mwanangu. Sitakuficha. Mtu akikunyang'anya ng'ombe unaweza kwenda kwa chifu, lakini akikunyang'anya babu uliyekuwa naye kichwani, unakwenda wapi? Nikamuuliza Cucu, kwa hasira kidogo, mbona alinyamaza miaka yote.

Aliweka ungo chini. Hapo ndipo aliponikemea, na ni kemeo ambalo nalishukuru hadi leo.

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnapita hapa mkiimba. Na mtu akimsifu mume wako aliyekufa, wewe mjane utamkatiza? Nilisema waache, sifa haimwagi maji ya mtu. Sasa nasikia inamwaga. Nasikia Mama Ruguru anaambiwa angoje. Sifa inayomnyima mtu maji si sifa tena, mume wangu, ni wizi, na wewe ndiye uliyevaa jina la huyo mnayemwibia. Ukinyamaza, wewe ndiye unayeiba, si yeye. Yeye amelala."

Kendi alirudisha kwenye ungo maharagwe aliyokuwa ameyashika. Kisha, kwa upole, akamweleza Cucu jambo gumu. Akamwambia ensaiklopidia yetu haipokei maneno ya mdomo peke yake. Hatuwezi kuandika kwamba Cucu Ciarunji alisema hivi. Ni lazima kwanza mtu wa kuaminika ayachunguze na kuyachapisha mahali ambapo wengine wanaweza kuyaona.

"Kwa hivyo mimi si kitu?"

"Cucu, wewe ni kila kitu. Ni vile sheria ikikukubali wewe kwa neno tupu, itabidi imkubali pia Mugendi kwa neno tupu."

Cucu alifikiri. Nilidhani atakasirika, lakini uso wake ulifunguka. "Hiyo ni sheria nzuri," akasema. "Basi ondoeni uongo. Mimi mwenyewe nitaupeleka ukweli kwa miguu, kama ule mkutano wa maji si mbali."

Tuliporudi mjini Kendi aliifuta ile sentensi. Mimi nilikaa pembeni kama alivyoniagiza, mikono mapajani. Alibonyeza mara moja, jina la babu likatoweka. Palibaki kwamba kijiji kina mtaro wa maji utokao ukingoni mwa msitu, basi. Kwenye ukurasa wa majadiliano aliandika kwamba madai yameondolewa kwa kukosa chanzo kinachojitegemea. Maneno makavu kama kuni za kiangazi, lakini mimi niliyasoma mara mbili.

Mugendi hakulala. Siku iliyofuata sentensi ilikuwa imerudi. Kendi akaiondoa tena, kwa maelezo yale yale. Mugendi akaandika kwenye majadiliano, "Nyinyi watu wa Meru mnajua nini kuhusu babu zetu?" Hapo nilitaka kuingia nimjibu kama ndugu anavyomjibu ndugu, lakini Kendi alinikataza. Yeye alimjibu kwa sentensi moja yenye adabu, kwamba angefurahi sana akionyeshwa mtu aliyeona. Baadaye wasimamizi waliufunga ukurasa kwa muda ili watu wapoe. Mugendi akanipigia simu. Aliniuliza kama mimi bado ni mtoto wa nyumba ile. Damu ni nzito kuliko maji, akaniambia, na sidhani alijua alichokisema, kwa kuwa ni maji hasa tuliyokuwa tukiyagombania.

Mkutano ulifanyika uwanjani mwa shule, mchana kweupe, chifu akiwa mwenyekiti. Watu wa juu waliketi upande mmoja na wa chini upande mwingine, ingawa hakuna aliyewapanga. Mugendi alikuja na makala ile ameitoa kwa printa mapema, kabla ya Kendi kuifuta, ameitia kwenye karatasi ya nailoni isichafuke. Akasoma kwa sauti ya mhubiri. "Si mimi nasema," akamalizia, "ni mtandao. Dunia nzima inajua haya maji ni ya nani."

Mama Ruguru alikuwa anatazama mikono yake. Wazee wa upande wetu walitikisa vichwa kwa kukubali, na nilijua hawakukubali kwa sababu waliona, walikubali kwa sababu ni adabu. Mugendi ni mkubwa wangu. Huku kwetu hutamkuta mdogo akimpinga mkubwa wake mbele ya chifu. Niliinuka nikiogopa, na nakuambia hivyo ili nawe ukiogopa usidhani ni dalili ya kukosea.

Nikasema, "Kaka yangu Mugendi, nakuheshimu. Lakini hiyo karatasi ni ya zamani. Sentensi hiyo imeondolewa, kwa sababu tulitafuta mtu aliyeona na hatukumpata kwenye mtandao. Tulimpata kijijini. Ameketi pale."

Cucu alikuwa ameletwa na kiti chake. Hakusimama kwanza. Alimwita Mama Ruguru aje karibu, akamshika mkono.

"Baba ya mume wako alikuwa Nyaga," akasema. "Mrefu, mwenye pengo hapa mbele. Nilimpakulia ndizi na viazi siku ya mtaro. Alikula kidogo, kile kingine akakifunga kwenye jani la mgomba. Nikamwambia, Nyaga, kula, jembe halibebwi na tumbo tupu. Akaniambia, watoto wangu hawajala tangu juzi. Nikampakulia tena." Akageukia uwanja. "Mwingine nani? Wewe, mjukuu wa Mbogo. Babu yako aliniomba ukoko, alikuwa anaupenda. Na wewe kijana wa kofia, babu yako alikula akalala chini ya mgomba, ikabidi tumwamshe na maji."

Watu walianza kucheka, kwanza wale wa chini kwa mshangao, halafu na wetu. Mzee mmoja wa upande wa juu, aliyekuwa ametikisa kichwa muda si mrefu, akasema kwa sauti kwamba hata yeye mama yake alimwambia hivyo hivyo, ila hajawahi kuulizwa. Mwingine akasema na yeye. Ukimya wa adabu ulikuwa umevunjika. Kuuliza si ujinga, lakini kumbe na kutoulizwa kunaweza kuwafanya watu wazima wanyamaze mpaka kaburini.

Chifu alimuuliza Cucu kama Mzee Njeru alichimba. Cucu akasema, "Mume wangu alitoa chakula na akapiga kelele. Andikeni hivyo mkitaka. Hakuniagiza nimnyime mtu maji."

Chifu hakukaa sana. Alisema bomba litafuata mtaro, toka juu mpaka chini, siku moja, bila awamu. Mama Ruguru alilia, na Cucu akamwambia anyamaze asije akamaliza maji kabla hayajafika.

Siku ya kuchimba njia ya bomba tulitoka wote, wa juu na wa chini, kila nyumba na jembe lake. Cucu alisisitiza chungu kiwekwe nyumbani kwake, ingawa yeye alikaa tu na kuwaelekeza wakaza wana. Kendi alipanda kutoka mjini, akavua viatu vya ofisi, akachimba, na malengelenge yake aliyaonyesha wiki nzima kama medali. Mugendi alikuja saa za chakula amevaa koti, akaenda moja kwa moja kwenye chungu. Cucu alinyoosha fimbo yake kuelekea jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani. Watu wote waliangalia kando ili wasimwaibishe. Mugendi alilitundika koti kwenye mti wa parachichi, akashuka mtaroni, na nitamsifu hapa, alichimba mpaka jua likapungua makali. Aliporudi Cucu alimpakulia kuliko sisi wote. Hawakuzungumza habari za mtandao tena.

Mimi nilipoletewa sahani yangu, Cucu alinitazama nikila. "Mume wangu," akasema, "leo umekula. Sasa wakikuuliza nani alichimba, wewe una haki ya kujibu."

Miaka mingi imepita tangu hapo. Baadaye mtafiti mmoja wa historia alizunguka vijiji vyetu akirekodi wazee, na alipochapisha kazi yake ndipo tukapata cha kuandika. Cucu alikuwa ameshatangulia. Ukifungua makala leo utasoma kwamba mtaro ulichimbwa na wakazi wa huku pamoja na watu waliokimbia njaa kutoka nyanda kavu, kwa kulishwa. Jina la Njeru halimo. La Cucu halimo. Wanafunzi wangu wameniuliza kama sioni uchungu. Siuoni. Mama Ruguru ana bomba mlangoni, wajukuu wake wanaoga asubuhi wakipiga mayowe kwa baridi, nami nikipita pale naitwa ninywe chai. Nimeridhika, mwanangu, na kuridhika huko sijawahi kukupata kwenye sifa yoyote.

Basi nisikilize, kwa kuwa umeniambia nawe unataka kuwa mkaguzi. Ukipewa jambo la kale ulithibitishe, usihesabu walioandika, fuata maneno mpaka mdomo wa kwanza, maana mia wanaweza kuwa wamenywa kwenye kikombe kimoja. Jambo likikupendeza sana, likisifu jina lako au kabila lako, mpe mwingine alishike, ukae mikono mapajani. Usimtukane anayekupinga; mwulize tu nani aliona, na ukiulizwa wewe, usikasirike. Heshimu sheria hata inapokuumiza, lakini usidhani kile kisichoweza kuandikwa hakikutokea. Usiseme kwamba wazee wamenyamaza kabla hujawauliza, na ukiwauliza, uliza waliopika, si waliopiga kelele tu. Na kabla ya kukubali sifa ya mtu aliyekufa, tazama ni nani aliye hai anayelipia sifa hiyo.

Njoo karibu, nipe hiyo mikono. Mungu wa mlima na wa bonde akupe macho yanayotangulia kidole. Akupe marafiki wa kukusahihisha bila kukuchukia, na moyo wa kuwashukuru. Ukifuta, ufute bila kiburi. Ukiandika, uandike bila hofu. Ufike uzee huu wangu, na watu wa nyumba yako na wa nyumba za chini wakupakulie katika sahani moja. Na siku jina lako litakapoachwa nje ya ukurasa, Mungu akujalie uwe umekula na waliochimba. Amina.